Gari Unaloliacha na Maji Unayoyafuata: Kupanga Safari ya Miguu ya Kulala Porini

Wengi wanaopanga safari ya miguu ya kulala porini huanza na uzito wa begi, aina ya hema na urefu wa njia. Mimi nimezoea kuanza na maswali mawili ambayo hayana mvuto wowote: gari litalala wapi, na maji yatapatikana wapi. Maswali haya huonekana hayahusiani, kwa kuwa moja ni la kitu kinachobaki nyuma na jingine ni la kitu kilichoko mbele, lakini kwa uzoefu wangu hujibiwa kwa pamoja. Majibu yake ndiyo yanayoamua njia uianzie upande gani, uondoke saa ngapi, na ubebe kilo ngapi mgongoni.

Milima na misitu mingi huingilika kutoka pande mbili au zaidi. Mara nyingi kuna mwanzo wa njia ulio juu, mwisho wa barabara mbovu, ambako mwendo wa kufika kambini ni mfupi lakini njia hupita mgongoni mwa mlima pasipo tone la maji. Na kuna mwanzo mwingine ulio chini, karibu na lango lenye askari wa hifadhi, ambako njia ni ndefu zaidi lakini hufuatana na kijito kwa sehemu kubwa. Wasafiri wengi huchagua ule wa juu kwa sababu ya kilomita zilizopungua. Mimi kwa kawaida huchagua wa chini, na hoja yangu ni ya hesabu tu: anayetembea kando ya kijito anaweza kubeba lita moja na kujaza tena kila anapohitaji, ilhali anayepita mgongoni mwa mlima hulazimika kubeba maji ya siku nzima, na kila lita ni kilo moja. Kilomita alizoziokoa miguuni huzilipa mabegani. Zaidi ya hayo, gari lake limelala mahali ambapo hapana mtu wa kuliona.

Hata hivyo sitaki kuifanya hii kuwa kanuni isiyovunjwa, kwa sababu upweke peke yake si kipimo cha hatari. Maegesho yaliyo kando kabisa ya barabara kuu yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya mwisho wa barabara ya vumbi, maana mwizi wa magari anapenda mahali anapoweza kufika na kuondoka haraka, penye magari mengi ambayo wenyewe hawatarudi mpaka kesho. Barabara mbovu humchelewesha mwizi kama inavyokuchelewesha wewe. Lakini gari likikataa kuwaka huko mwisho wa barabara mbovu, hasara ya upweke huo utaiona siku hiyohiyo.

Kwa hiyo ni lazima kuuliza, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwuliza mtu kama mahali fulani ni salama, atakujibu kuwa ni salama, ama kwa ukarimu ama kwa sababu yeye mwenyewe halali hapo. Ni afadhali kuuliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa adabu tupu: je, msimu huu kuna gari lililovunjwa kioo hapa? Lilivunjwa mchana au usiku? Watu wanaolala mlimani huyaacha magari yao wapi? Askari wa hifadhi na watu wanaofanya kazi karibu na lango huwa wanayajua majibu, na mara nyingi hutaja mahali ambapo hukupafikiria, kama vile uwanja wa kituo chao au ua wa nyumba ya wageni iliyo karibu, ambapo gari linaweza kulala kwa malipo madogo au kwa ruhusa tu. Kutembea nusu saa zaidi barabarani kwa ajili ya hilo ni bei ndogo. Na kama yupo mtu wa kukupeleka na kukufuata, tatizo lote la maegesho huwa limekwisha, ingawa hapo linazaliwa suala la kukubaliana saa na mahali pa kukutana.

Ukifika, ardhi yenyewe huzungumza. Vioo vya pembeni vya gari hupasuka na kuwa chembechembe ndogo zenye umbo la mchemraba, tofauti na kioo cha mbele, ambacho hubaki kimeshikana kwa sababu ya utando ulio katikati yake. Ukiona chembe hizo zimetapakaa kwenye vumbi kati ya magari, au zimefagiliwa zikawa lundo pembeni, umeshapata habari ambayo hakuna mtu atakayekupa kwa wazi zaidi. Mimi nikiliona lundo la namna hiyo hugeuza gari na kutafuta pengine, hata kama kufanya hivyo kutanichelewesha saa nzima.

Wizi wa maegeshoni mara nyingi ni wa haraka, na anayeufanya huchagua gari linaloahidi kitu. Begi kitini linaahidi. Blanketi lililofunika kitu linaahidi zaidi. Hata waya wa chaja na alama ya duara iliyoachwa kiooni na kishikio cha simu vinatosha kumfanya mtu afikiri kuwa kifaa chenyewe kimo ndani. Kosa linalofanywa na watu waangalifu, wale wanaojua kabisa kuwa vitu havipaswi kuonekana, ni kuvihamisha kutoka kitini kwenda kwenye buti wakiwa tayari wameegesha, mbele ya macho ya yeyote aliyekaa kwenye gari jingine akijifanya anangoja rafiki. Panga begi nyumbani. Kama kuna kitu ambacho ni lazima kibaki, kiweke kwenye buti mahali pengine kabla hujafika, ili pale kwenye mwanzo wa njia kazi yako iwe kushuka, kubeba begi, kufunga na kuondoka. Karatasi zenye anwani ya nyumbani, pamoja na rimoti ya geti, zisilale garini kamwe. Anayezipata anajua unapoishi na anajua pia kuwa usiku huu hupo. Mimi huacha kisanduku cha dashibodi wazi ili kionekane kitupu. Siwezi kuapa kwamba kitendo hicho kimewahi kumzuia mtu yeyote, lakini hakinigharimu chochote.

Jambo jingine ninaloliona mara kwa mara ni karatasi iliyowekwa mbele ya kioo kwa nia njema, ikieleza kuwa wenye gari wamepanda mlima na watarudi kesho jioni. Palipo na sheria ya kuonyesha kibali kwenye dashibodi, kionyeshe kama inavyotakiwa. Lakini taarifa nyingine zote zinapaswa kukaa kwa mtu unayemwamini aliyebaki nyumbani: namba ya gari na rangi yake, mahali hasa lilipoegeshwa, njia utakayopita, mahali utakapolala, chanzo cha maji unachokitegemea, na saa ambayo usiposikika aanze kupiga simu. Saa hiyo iwekwe kwa busara. Kama unatarajia kutoka saa tisa alasiri, usiiweke saa kumi, kwa sababu mguu uliotenguka kidogo au mazungumzo marefu na wapita njia vitawaamsha waokoaji bure. Wala usiiweke asubuhi ya siku inayofuata kama usiku huko ni wa baridi kali. Kumwachia mtu huyo jina la chanzo cha maji kuna faida ambayo wengi hawaifikirii: anayekutafuta akijua ulipokusudia kuteka maji, anajua pa kuanzia.

Sasa gari lenyewe. Liegeshe likitazama nje, ili siku ya kurudi, ukiwa umechoka au pakiwa na dharura, usilazimike kurudi nyuma na kugeuza gizani. Usilisimamishe juu ya majani makavu marefu, kwa kuwa mfumo wa ekzosi huwa na joto la mamia ya nyuzi baada ya kupanda mlima na unaweza kuyawasha. Usiliweke kwenye korongo kavu hata kama ndiko kwenye kivuli, kwa sababu mvua iliyonyesha kilomita nyingi juu yako inaweza kuleta maji hapo chini ya anga safi. Epuka mti wenye matawi yaliyokufa, na usizibe geti la aina yoyote, hata linaloonekana kuwa halijafunguliwa kwa muda mrefu, kwani huenda ndilo litakalotumiwa na gari la zimamoto. Mahali penye mteremko, weka gia na ukinge magurudumu kwa mawe badala ya kutegemea breki ya mkono peke yake. Hakikisha taa ya ndani imezima. Mafuta yawe ya kukufikisha kituo cha karibu na ziada ya kukurudisha ikibidi kuzunguka njia nyingine.

Wanyama nao wana madai yao juu ya gari lililolala. Panya hutafuna nyaya na sponji popote duniani. Katika eneo la Mineral King, ndani ya hifadhi ya Sequoia huko California, mamoti, ambao ni wanyama wa jamii ya kindi, wanajulikana kwa kutafuna mipira ya maji na nyaya chini ya boneti, kiasi kwamba wasafiri huyafunga magari yao kwa turubai kuanzia chini mpaka juu kabla ya kuanza kutembea. Katika hifadhi ya Yosemite ni marufuku kuacha chakula ndani ya gari usiku, kwa sababu dubu hung'oa milango kufuata harufu. Hata pasipo na dubu, harufu ni mwaliko: dawa ya meno, makombo ya biskuti kwenye kiti cha mtoto, chupa ya soda iliyosahaulika. Lisafishe gari kabla ya safari, si baada yake.

Funguo zinahitaji maneno machache tu. Mkiwa wawili au zaidi, funguo ziwe mbili na zibebwe na watu wawili tofauti. Usifiche ufunguo juu ya gurudumu, kwani hapo ndipo kila mtu hutazama kwanza. Ufunguo wa kielektroniki ufungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na ujue kabla ya safari namna ya kutoa ule ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, maana betri yake ikifa utauhitaji. Wangu hukaa kwenye klipu ndani ya mfuko wa juu wa begi na hautoki hapo mpaka nirudi.

Kuna kitu kimoja ambacho nakiacha garini kwa makusudi, nacho ni maji. Lita kadhaa kwenye buti, zisizoonekana kutoka nje, ni chanzo cha mwisho cha safari nzima, na kujua kuwa yapo kunabadilisha mpango wa asubuhi ya pili, kwa sababu huhitaji kubeba maji ya kurudia nyumbani juu ya yale ya kuteremkia. Pamoja nayo huacha viatu vikavu na nguo. Mtungi wa gesi ya jiko na betri za kuchajia simu siviachi kamwe, kwani gari lililofungwa juani hupata joto linaloweza kuzidi la nje kwa nyuzi 20 katika muda usiozidi saa moja, na vitu hivyo havikutengenezwa kwa mateso hayo.

Tukija kwenye maji ya njiani, hesabu ninayoanza nayo ni nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwenye hali ya hewa ya wastani, na lita moja au zaidi kwa saa penye joto kali na mpando. Kambini, mtu mmoja anayepika chakula cha jioni, kunywa kitu cha moto na kupata kifungua kinywa hutumia lita mbili mpaka tatu, bila kuoga. Chukua mfano wa kambi isiyo na maji: saa tano za kufika ni lita mbili na nusu, kambi ni lita mbili na nusu nyingine, na saa mbili za asubuhi kufikia kijito cha karibu ni lita moja. Jumla ni lita sita, yaani kilo sita kabla hujaweka hema wala chakula. Ndiyo maana mimi hupenda kutenganisha mahali pa kupikia na mahali pa kulala. Nikifika kwenye kijito cha mwisho alasiri, hupika hapo mlo mkubwa wa siku, hunywa mpaka nikatosheka, kisha hujaza kiasi cha usiku na asubuhi tu na kuendelea saa moja au mbili mpaka mahali pazuri pa kulala. Harufu ya chakula hubaki chini, na mzigo wa maji hupungua karibu nusu.

Kujua kijito cha mwisho kiko wapi ni kazi ya kufanyia mezani kabla ya safari. Kwenye ramani nyingi za mandhari, mstari wa buluu usiokatika huonyesha mto unaotiririka mwaka mzima, na mstari wa vipandevipande huonyesha unaokauka sehemu ya mwaka. Ufunguo wa ramani yako uusome kwanza, kwa sababu wachoraji hawafanani. Angalia pia mwaka ambao ramani ilipimwa. Chemchemi iliyochorwa miongo mingi iliyopita inaweza kuwa imevutwa kwa mabomba au imekauka kabisa. Kijito kilicho chini bondeni, kilichokwisha kupokea vijito vingine, kinaaminika kuliko kile kinachoanza mita chache chini ya kilele, kwani eneo linalokilisha ni kubwa zaidi. Penye miamba ya chokaa, mto mzima unaweza kuzama ardhini na kutokeza kilomita kadhaa mbele, na kwenye udongo wa majivu ya volkano mvua nyingi hunywewa na ardhi bila kuacha mkondo juu. Picha za setilaiti husaidia, mradi uangalie zilipigwa mwezi gani. Ukijani wa mwisho wa masika hausemi lolote kuhusu mwisho wa kiangazi.

Baada ya ramani, tafuta mtu aliyepita huko ndani ya wiki mbili zilizopita. Hapa tena swali liwe la wazi. Kuambiwa kuwa maji yapo hakutoshi, maana kuna maji yanayotiririka kiasi cha kujaza chupa kwa dakika moja, na kuna kidimbwi cha kina cha kidole ambacho hakichoteki bila kikombe kidogo na uvumilivu mkubwa. Uliza yanatiririka au yamesimama, na kama wanyama huyakanyaga. Nami hubeba kikombe hicho kidogo daima, pamoja na kipande cha karatasi ya alumini kinachoweza kukunjwa kiwe mfereji mahali ambapo maji yanachuruzika kwenye jiwe bila kudondoka.

Kanuni ninayoishikilia bila mjadala ni kutokitegemea chanzo ambacho kikiwa kikavu nitakuwa hatarini. Kabla ya kupita kila chanzo cha uhakika, huwa ninajiuliza kama maji niliyonayo yanatosha kufika kinachofuata na, nikikikuta kimekauka, kurudi hapa nilipo. Alasiri moja ya kiangazi tuliifikia chemchemi iliyokuwa kwenye ramani na tukakuta tope lenye alama za kwato, bila unyevu wa kutosha hata kulowesha kitambaa. Kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na kiasi cha kurudi kwenye kijito cha nyuma, mazungumzo yalikuwa mafupi: tuligeuka, tukalala bondeni, na kilele tukakiacha kwa safari nyingine. Kundi lililokuja nyuma yetu likiwa na chupa tupu lilikuwa na mjadala mrefu zaidi, na halikukataa lita tuliyowapa.

Dalili za maji porini zipo, kama vile ukanda wa kijani kwenye mteremko mkavu, njia za wanyama zinazokutana kuelekea chini, nyuki, na ndege wadogo walao mbegu wanaoruka kwa wingi kuelekea upande mmoja jioni. Kwenye mkondo mkavu wa mchanga, upande wa nje wa kona ndiko maji hudumu chini ya mchanga kwa muda mrefu zaidi. Ni maarifa mazuri kuwa nayo siku mambo yakiharibika, lakini mpango wa safari haujengwi juu ya nyuki.

Kuyapata maji ni nusu ya kazi. Ukiwa na uchaguzi, chukua yanayotiririka badala ya yaliyosimama, na yanayotoka kwenye kijito cha pembeni kisicho na makazi wala mifugo juu yake badala ya mto mkuu unaopita kwenye malisho. Baada ya mvua kubwa, mito huzoa uchafu wa nchi nzima, na siku hiyo hata kijito unachokiamini kinastahili shaka. Ziwa au bwawa lenye utando wa kijani-buluu kama rangi iliyomwagika huenda lina saianobakteria, yaani bakteria wa majini wanaotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Vivyo hivyo madini yanayotoka kwenye machimbo ya zamani, ambayo mara nyingi huacha doa la rangi ya chungwa kwenye mawe, na dawa za mashambani: machujio ya kawaida ya wasafiri hayakutengenezwa kwa ajili hiyo, na kuchemsha hupunguza maji huku sumu ikibaki palepale. Maji ya namna hiyo huachwa. Uangavu si ushahidi wa usafi.

Kwa vijidudu, ambavyo ndivyo tatizo la kawaida, njia iliyo rahisi kueleza ni kuchemsha. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha. Juu ya mita 2,000 hivi, acha yatokote dakika tatu, kwa kuwa kadiri unavyopanda maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Kwenye mita 3,000 huchemka karibu na nyuzi 90, joto ambalo bado linaua vijidudu vya tumbo. Ubaya wa kuchemsha ni gesi na muda, na sijawahi kukutana na mtu anayefurahia kunywa maji ya moto katikati ya mpando wa adhuhuri.

Ndiyo maana wengi wetu tunabeba chujio. Chujio lenye matundu ya mikroni 0.1 mpaka 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huzuia bakteria pamoja na protozoa, yaani vimelea vidogo vya tumbo kama giadia na kriptosporidiamu, ambao ukubwa wao ni mara nyingi ule wa matundu hayo. Virusi ni wadogo zaidi na hupita. Mahali ambapo juu ya mto hakuna watu, upungufu huo si mkubwa. Mahali ambapo kijito kinapita chini ya vijiji au kambi zenye watu wengi, nachuja kwanza kisha naongeza dawa. Vidonge vya klorini huua bakteria na virusi vizuri lakini kriptosporidiamu huvistahimili. Klorini dioksidi humuua, ila huchukua muda wa hadi saa nne, hasa maji yakiwa baridi, kwa hiyo ni dawa ya usiku, si ya njiani. Taa ya miale ya urujuanimno (UV) ni ya haraka, lakini inahitaji betri na maji maangavu, kwani chembe za tope huwakinga vijidudu dhidi ya miale. Mwanga wa jua nao hufanya kazi: chupa ya plastiki angavu iliyojaa maji maangavu hulazwa juani kwa muda wa saa 6, au siku 2 penye mawingu. Kwa mtu anayetembea hiyo ni akiba ya dharura tu.

Maji yenye tope yaache yatulie kwenye chombo kwa nusu saa au zaidi, yachote ya juu taratibu, yapitishe kwenye kitambaa, ndipo uyachuje. Ukilipitisha tope moja kwa moja kwenye chujio litaziba kabla ya kambi. Chombo cha maji machafu kiwe na alama isiyofutika na kisitumike kwa kitu kingine. Ukitumia vidonge, legeza kifuniko na uigeuze chupa kidogo ili maji yenye dawa yapite kwenye mizunguko ya mdomo wake, mahali ambapo tone moja la mtoni hubaki likingoja midomo yako. Na chujio lenye nyuzi nyembamba lisigande: likishalowa kisha likaganda, nyuzi zake hupasuka bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje, na utaendelea kulitumia ukidhani linafanya kazi. Usiku wa baridi langu hulala nami ndani ya fuko la kulalia, likiwa limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Hema lisikae ukingoni mwa maji. Mita 60 ni umbali unaopendekezwa na wengi, na sababu zake zimo katika pande zote mbili: wanyama wanahitaji kufika kunywa usiku bila kukukuta njiani, nawe unahitaji kuwa juu ya mahali ambapo mto utafika ukijaa. Umbali huohuo unahusu choo, ambacho ni shimo la kina cha sentimita 15 mpaka 20 lililofukiwa vizuri, na unahusu sabuni hata ile inayouzwa kama rafiki wa mazingira. Teka maji yote ya usiku na ya asubuhi wakati bado kuna mwanga. Kuteremka ukingo wenye utelezi kwa tochi, mikono ikiwa na vyombo, si hatari ya lazima.

Kuhusu kunywa kwenyewe, usiyawekee maji akiba huku ukiwa na kiu. Yaliyomo kwenye chupa hayakusaidii mpaka yaingie mwilini. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyopauka unakuambia umechelewa. Lakini wapo pia wanaokunywa lita baada ya lita kwenye joto bila kula chochote chenye chumvi, nao hupata kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa kwa sababu chumvi ya damu imeshuka. Kunywa kwa kiu, na kula kitu chenye chumvi kila unapopumzika.

Siku ya kurudi, nikiliona gari kwa mbali, silifungui mara moja. Nalizunguka kwanza, nikitazama vioo, matairi, na kama kuna dimbwi la mafuta au maji ya rejeta chini yake. Kisha nafungua boneti kuangalia nyaya na viota. Mkiwa na magari mawili, lisiondoke lolote kabla yote hayajawaka. Ukikuta kioo kimevunjwa, usianze kupekua: piga picha kama lilivyo, zuia kadi za benki ikiwa zilikuwamo, toa taarifa kwa askari wa hifadhi na polisi, kwa maana taarifa hiyo ndiyo itakayomsaidia msafiri wa wiki ijayo atakapouliza kama msimu huu kuna gari lililovunjwa hapo. Halafu mpigie yule uliyemwachia mpango na umwambie umetoka, kabla ya kula na kabla ya kuondoka penye mtandao. Akiuliza hali ya njia, mtajie kila chanzo ulichokuta na maji na kila ulichokikuta kikavu, pamoja na tarehe. Sukuma maji safi kinyumenyume kupitia chujio jioni hiyohiyo na uliache likauke wazi, kwani likifungiwa begini likiwa na unyevu litaota ukungu kabla ya safari nyingine.